Barua ya wazi: kabla hamjanunua kompyuta za maktaba, naomba mfungue kile chumba

Kwa waheshimiwa wote mnaohusika na maktaba za kaunti yetu, nyinyi wa wizara, wa ICT, wa manunuzi, na nyinyi mnaokaa mezani na wafadhili,

Hamjambo wakubwa. Kwanza hongereni, nasema kwa moyo safi kabisa, manake nimesikia kuna ruzuku inakuja ya kununulia maktaba kompyuta na mimi ni mmoja wa wale waliokuwa wanapiga kelele kila siku ati maktaba yetu imebaki ya magazeti na wanafunzi wa form four wanaotafuta mahali pa kimya. Sasa kelele imesikika, basi mnisamehe nikipiga nyingine kabla pesa haijatoka. Ombi langu ni moja, nunueni kompyuta chache kuliko mnavyotaka, na hio pesa itakayobaki iwe ya kuziweka hai. Nikianza kuzunguka huko chini mjue bado niko hapo hapo.

Mimi ni fundi. Kabla ya ufundi nilikuwa na saiba ndogo karibu na steji, mashine sita na printa moja iliyokuwa inachagua siku ya kufanya kazi, kwa hivyo mengi ya haya nimeyalipia kwa mfuko wangu.

Miaka michache iliyopita niliitwa maktaba moja, sitaitaja, niangalie "kompyuta mbili tatu zimekataa kuwaka". Nikaenda na begi langu. Madam wa maktaba akanipokea vizuri, akanipa chai, halafu tukaanza kutafuta ufunguo. Tulitafuta ufunguo karibu saa nzima jamani. Kumbe ule mlango una kufuli mbili, ya juu ufunguo ni wake, ya chini ni wa mlinzi wa usiku, na mlinzi wa usiku mchana yuko kwake amelala, ikabidi atumwe mtoto na boda akamwamshe. Tulipoingia ndio nikaona, si mbili tatu, ni ishirini, zimepangwa mistari kama darasa, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya nyanya, na kwa ukuta kuna bango kubwa lenye jina la mfadhili na tarehe ya uzinduzi. Monita zingine hata ile plastiki ya mbele ilikuwa haijabanduliwa.

Nikazifungua moja moja. Kumi na moja power supply imeungua, manake stima ilipotea ikarudi kwa nguvu kama kawaida yake na hapo ndani hakuna UPS, ile betri ya kushikilia stima ikipotea, hata ya dawa, mashine zote ishirini zinakula kwa ekstensheni mbili zilizochomekwa kwa soketi moja. Tano zinawaka vizuri lakini hakuna anayejua paswadi, yule kijana wa ICT aliyezipanga alipata transfa akaenda nayo kichwani. Mbili panya walikula nyaya, panya wa ukweli, si wa kubofya. Zile mbili zilizobaki zilikuwa sawa kabisa, na moja ilikuwa na gemu ya karata imefunguliwa jana yake usiku, kwa hivyo mtu aliyefaidika na ile ruzuku kuliko mtu yeyote mjini alikuwa ni mlinzi.

Nikamuuliza Madam, kwani hapakuwa na kitu cha kurekebisha hizi? Akanijibu, "Fundi, mradi uliisha." Hakusema kwa hasira hata kidogo, alisema kama vile mtu anakwambia mvua iliisha. Power supply ya mashine kama ile ni kitu unaokota barabara ya Luthuli pale Nairobi asubuhi na jioni uko nyumbani, hata usiende mpya. Lakini nani anunue, kwa vote gani, yaani fungu gani la bajeti, nani asaini? Ruzuku ilinunua kompyuta, haikununua swali hilo.

Na isionekane ati watu hawazihitaji. Nendeni saiba yoyote Januari, au ile wiki KUCCPS wanafungua maombi ya vyuo, au wakati wa HELB, ile mikopo ya wanafunzi, muone laini. Tangu 2023 serikali ilipotangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 ziko eCitizen, ule mtandao wake wa huduma, mtu akitaka cheti cha tabia njema, leseni ya kuendesha, cheti cha kuzaliwa, kila kitu ni mtandaoni, kodi ya KRA nayo ni iTax, na shosho wa miaka sabini anaambiwa ajaze fomu kwa simu ambayo haina hata kamera. Sasa yule shosho anaenda saiba, anampa kijana asiyemjua kitambulisho, namba ya simu, na OTP, ile namba ya siri inayotumwa kwa simu, anamsomea kwa sauti mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa huyo kijana, najua tulikuwa tunaona nini. Kuna siku mteja aliondoka bila kutoka kwa akaunti yake na aliyekaa baada yake akaanza kusoma mambo ya mwenzake pole pole kama gazeti. Maktaba ndio mahali pa kwanza panapofaa kumwokoa huyo shosho, ni pa umma, pana kiti, na pana mtu ambaye hana haja ya kumuibia.

Sasa kuhusu ruzuku zenyewe, naomba turudi nyuma kidogo, si mbali sana. Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma wa Marekani, pesa yake ilijenga maktaba 2,509 kati ya 1883 na 1929, na watu humkumbuka kwa majengo. Kitu mimi namsifia ni sharti lake. Mji ukitaka maktaba, utoe kiwanja, halafu uahidi kila mwaka kutoa asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kuiendesha, hutaki basi, hela hupati. Yaani mtu anayetoa pesa ndiye alikuwa anauliza kesho itakuwaje. Hata maktaba ya McMillan pale Nairobi, iliyofunguliwa 1931, ina pesa ya shirika la Carnegie ndani yake, ingawa hio ni hadithi yenye doa manake mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka uhuru ulipokaribia, na siku moja mtu aandike barua nyingine kuhusu hilo.

Halafu akaja Bill Gates. Kuanzia 1997 yeye na mkewe waliweka kompyuta zaidi ya 40,000 kwa maktaba kama 11,000 huko Marekani, kazi kubwa, hakuna anayekataa. Lakini mashine huzeeka hata zikiwa za tajiri, na mwaka 2007 ikabidi warudi na awamu ya kubadilisha zilizochoka, na safari hii wakasema maktaba zenyewe nazo zichange. Wakafika mpaka Botswana. Kisha 2014 wakatangaza wanatoka kwenye mambo ya maktaba na 2018 wakafunga ofisi ya kazi hio. Mfadhili ana haki ya kwenda kwake, hatuwezi kumfunga kamba. Chile nadhani ndio walicheza vizuri, walianza mtandao wao wa kompyuta za maktaba 2002 kwa pesa ya Gates, wakauita BiblioRedes, na serikali yao ikauingiza kwenye bajeti yake, kwa hivyo mgeni alipoondoka taa haikuzimika.

Na sisi kisingizio hatuna. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeandika maktaba ni kazi ya kaunti, iko kwenye ile orodha pamoja na michezo, sinema na leseni za pombe. Leseni za pombe tunazijua zinavyofuatiliwa, hakuna mwaka zimesahaulika. Basi naomba kabla hamjasaini karatasi ya ruzuku, muwe mmeandika kwa bajeti ya kaunti mstari mmoja wenye jina, "matengenezo ya kompyuta za maktaba", na uwe na tarakimu mbele yake, hata ikiwa ile asilimia 10 ya Carnegie, kila mwaka, kwa miaka mitano. Kama bunge la kaunti halitaki kupitisha huo mstari, basi nawaambia kwa heshima zote msichukue hizo kompyuta. Najua hili litawaudhi wengi, ati unakataaje cha bure. Si cha bure. Kuna chumba kimefungwa kufuli mbili mahali fulani ambacho kingekuwa cha watoto kusoma.

Haya tuje kwa mashine sasa, hapa ndio nyumbani kwangu mtanivumilia.

Spec ikitoka ofisini kwenu huwa ni CPU kubwa ya kusimama, monita, kibodi, basi. Kwa nini lazima iwe ile kubwa? Siku hizi kuna zile ndogo zinaitwa tiny, unaifunga nyuma ya monita hata haionekani, inafanya kazi yote ya maktaba, na haivuti stima. Pigeni hesabu na mimi: CPU kubwa ya zamani na monita yake tuseme ni wati 100, ishirini zikiwaka saa nane kwa siku ni yuniti 16, kwa siku 26 ni yuniti 416 kwa mwezi. Tiny na monita ya LED tuseme wati 40, ishirini hizo hizo ni yuniti kama 166. Zidisheni na bei ya tokeni ya leo, kisha mzidishe na miezi 60, muone pesa ambayo haikuandikwa popote kwa proposo. Na bili ya stima ya maktaba nani asiyejua jinsi inavyolipwa, stima ikikatwa mwezi mmoja hapo si kompyuta hata balbu hamna.

UPS. Naandika peke yake ionekane. Kila mashine mbili UPS moja, na mfanye waya wa stima upya kwa hicho chumba, na waya wa ardhi (earth) uwekwe vizuri, na soketi za kutosha, kabla boksi moja halijafunguliwa. Fundi wa stima analipwa mara moja, power supply mnanunua kila mvua ya masika.

Ex-UK, yaani mashine zilizotumika ulaya. Najua mtu akisikia mitumba kwa tenda ya serikali anashtuka, lakini mashine ya ofisi iliyotumika miaka mitatu ikasafishwa vizuri ikawekwa diski mpya ya kasi, SSD, inaweza kushinda mpya ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa ajili ya tenda. Computers for Schools Kenya wamekuwa wakifanya kazi hio ya kufufua mashine tangu 2002, sio jambo geni. Ila muwe macho na kitu kimoja: Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haitaki mashine za zamani, kwa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na kile kidude cha usalama kinaitwa TPM 2.0. Kwa hivyo sasa hivi kuna ofisi nyingi duniani zinatupa mashine nzuri ambazo Windows 11 imezikataa, na nyingine zitapakiwa kwa kontena ziletwe kwetu na cheti cha "msaada". Mkiletewa mziangalie kizazi chake kabla ya kupiga picha na mfadhili.

Si lazima mzikatae hata hivyo, na hapa ndio wengine huniona nimechizi. Ziwekeni Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Bure, haina leseni ya kuisha, inapata apdeti, na yule shosho wa eCitizen anahitaji brauza tu, hajui na hajali chini yake kuna nini. LibreOffice, programu yake ya kuandikia, inaandika CV kama kawaida. Kwa zile ishirini za kufuli mbili antivirus ilikuwa ya kulipia mwaka mmoja na ilikufa kabla ya bango kufifia. Hata katalogi ya vitabu msinunue, ipo Koha, ilitengenezwa New Zealand 1999 kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua, walioona mfumo wao wa zamani hautavuka mwaka 2000 na wakaamua kuiagiza kampuni ya huko huko, Katipo, iwatengenezee mwingine, halafu wakawaachia watu wote bure. Maktaba za wilaya ya wakulima ndizo zilizoiagiza. Nikifikiria hilo huwa naona aibu kidogo kwa niaba ya miji yetu.

Intaneti nayo, msiniambie "waifai ipo" manake rauta iko lakini bando liliisha Machi. Wekeni pesa ya intaneti ya miaka mitatu ndani ya ruzuku yenyewe mfadhili akikubali, na mashine moja, hata moja ya zamani, iwe seva ya ndani. Unaiwekea Kiwix yenye Wikipedia nzima, ya Kiswahili na ya Kiingereza, unaiwekea Kolibri yenye masomo na video za hesabu, na mtoto anasoma bila mtandao kabisa, siku ile kebo imekatwa na wajenzi wa barabara hakuna anayejua tofauti isipokuwa wa Facebook. Garissa walikuwa wanapeleka vitabu kwa ngamia tangu 1996, na ngamia ule mpango wake ulieleweka, anakula nini, nani anamchunga, anapita wapi siku gani. Mimi nataka tu kompyuta zipangiwe kama ngamia.

Wasioona msiwasahau kwa spec, na hili si gharama, ni mtu kukumbuka tu. NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, ni bure, waliianzisha vijana wawili wasioona wa Australia mwaka 2006 kwa sababu zilizokuwa zinauzwa hazishikiki bei. Inafanya kazi kwa Windows, kwa hivyo mashine mbili zibaki na Windows 11, headfoni mbili nzuri, meza karibu na mlango. Na kila mashine iwekwe ijisafishe mtu akitoka, faili zote na paswadi zote zifutike, tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data na mambo ya yule mteja wangu aliyesomwa kama gazeti yasije yakatokea ndani ya jengo la kaunti. Monita pia zisiangalie mlangoni. Huu ni upangaji wa meza, hauhitaji tenda.

Sasa watu, na hapa ndio ninapoogopa zaidi. Madam wa maktaba hakusomea kuvuta nyaya na hana haja ya kujifunza power supply akiwa amebakiza miaka minne astaafu, kazi yake anaijua na anaifanya. Lakini TVET, vyuo vya ufundi, ziko kila mahali na wale wanafunzi wa ICT wanazunguka mji mzima na faili wakitafuta atachmenti, yaani mafunzo kazini, wengine wanaishia kumimina chai ofisini na kutumwa fotokopi. Wachukueni wawili kila muhula, nauli na chakula cha mchana vitoke kwa ule mstari wa bajeti, asubuhi wanarekebisha, mchana wanakaa na wazee kuwasaidia fomu. Niliona saiba yangu vile kijana mvumilivu anaweza kumfundisha baba wa watu kutuma barua pepe kwa siku tatu, yule mzee alirudi na ndizi mkungu mzima. Na paswadi zote ziandikwe kwa daftari moja linalokaa kwa sefu ya maktaba, jamani, daftari, la shilingi hamsini.

Kwa hivyo nikigawanya mimi, katika kila shilingi 100 ya hio ruzuku, mashine zenyewe zisizidi 45. Zinazobaki ni stima na UPS, meza na kufuli zinazofunguka, intaneti, mafunzo, na akiba ya vipuri. Badala ya ishirini mtapata nane au tisa, na najua picha ya uzinduzi haitapendeza vile, mheshimiwa anapenda kusimama katikati ya mistari mirefu. Mtampanga vizuri, hata nane zikiwaka zote nyuma yake zinatosha.

Na ripoti kwa mfadhili, tafadhali acheni kuhesabu mashine. Hesabuni saa. Wiki hii mashine namba tatu ilikaliwa saa ngapi, na watu wangapi, na walikuja kufanya nini, HELB, KRA, kazi ya shule, kuongea na mtoto aliye Qatar. Kijana wa atachmenti anaandika hio kwa daftari bila shida. Mfadhili akiona saa, atajua kama pesa yake inaishi au imefunikwa kitambaa, na nyinyi pia mtajua kabla ya mkaguzi kuja.

Tenda yenyewe sitaingia sana, Sheria ya Manunuzi ya 2015 mnaijua kunishinda na mimi sina kampuni inayotaka LPO, oda ya serikali, nasema hilo mapema kabla mtu hajaanza. Ila kwa spec muandike waranti ya miaka mitatu fundi akifika kwa mguu wake hapa hapa mjini, si ile ya kupeleka CPU Nairobi kwa basi na nauli ni yenu.

La mwisho. Kabla ya kununua hata kibodi, fanyeni msako wa zile za zamani kwa kila maktaba ya kaunti. Mimi najitolea Jumamosi mbili, bila malipo, nije na begi na hao vijana wa TVET tuone ngapi zinafufuka, manake zile kumi na moja za power supply naamini nusu zingerudi siku hio hio kama mtu angeniruhusu. Sikuruhusiwa, niliambiwa mali ya mradi haiguswi bila barua, nikaacha chai nusu nikaenda. Sasa barua ndio hii. Mkikubali mnijulishe mapema tu, siku mbili kabla, ili mlinzi wa usiku aambiwe asiende na ufunguo.

Wenu,
Fundi wa hapa mjini, zamani wa saiba ya steji